Kwa nini nchi za Umoja wa Ulaya bado zinapelekeana mabalozi?

Mdadisi wa Kihonda aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba ufafanuzi wa jambo linalonitatiza kila ninapofuatilia habari za Ulaya.

Mwezi Desemba 2024 serikali ya Poland ilimwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Budapest, baada ya Hungaria kumpa hifadhi ya kisiasa Marcin Romanowski, aliyewahi kuwa naibu waziri wa sheria wa Poland na ambaye alikuwa ametolewa hati ya kukamatwa katika nchi yake. Nchi hizo mbili ziliingia Umoja wa Ulaya siku moja, tarehe 1 Mei 2004. Raia wa moja anaweza kuishi na kufanya kazi katika nyingine bila kuomba viza, bidhaa hupita bila ushuru wa forodha, mawaziri wao huketi meza moja Brussels karibu kila wiki, na viongozi wao wanajuana kwa majina ya kwanza. Sasa balozi wa Poland huko Budapest alikuwa akifanya kazi gani ambayo simu ya waziri isingeweza kuifanya? Na akishaondoka, ni kitu gani hasa kinachopungua?

Nina swali jingine dogo linalofuatana na hilo: je, nchi inayopelekewa balozi inaweza kumkataa ingawa nchi hizo ni wanachama wa umoja mmoja?

Itifaki Mstaafu alijibu:

Ndugu Mdadisi, swali lako ni zuri, nami nitaanza na sehemu ya kazi, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba maamuzi ya Umoja wa Ulaya hupikwa Brussels. Ukweli ni kwamba Brussels ni mahali pa kupakulia. Mwakilishi wa kudumu wa nchi anapoingia katika kikao cha mabalozi wa nchi 27, maagizo ya serikali yake anayo tayari, na uwezo wake wa kuyageuza ni mdogo. Maagizo hayo yameandikwa katika mji mkuu wa nchi yake, baada ya wizara kuvutana, vyama vya serikali ya mseto kukubaliana, na mahali pengine baada ya kamati ya bunge kutoa idhini yake. Nchini Denmark, kwa mfano, waziri hawezi kwenda kujadili jambo zito kabla hajapata baraka za kamati ya bunge inayoshughulikia mambo ya Ulaya. Kwa hiyo, nchi inayotaka kuungwa mkono na Denmark haina budi kuwa na mtu Copenhagen anayejua ni mbunge yupi anayesikilizwa katika kamati hiyo na ni jambo gani linalomkosesha usingizi. Akisubiri mpaka mjadala ufike Brussels, amechelewa.

Katika mambo mengi kura hupita ikiwa imeungwa mkono na nchi 15 zenye asilimia 65 ya wakazi wote wa Umoja, ilhali katika sera ya nje na ya kodi nchi moja tu inaweza kuzuia wenzake wote. Katika mazingira hayo, kumjua jirani yako kwa undani kuna faida kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa enzi za mikataba ya nchi mbili mbili. Mazungumzo ya biashara ndiyo yaliyoondoka mikononi mwa balozi, kwa sababu siku hizi biashara na mataifa ya nje ni mamlaka ya Umoja wenyewe. Hata hivyo, mambo ya ulinzi, nishati, wafungwa, misiba ya raia waliofia ugenini na madai ya kihistoria bado yanapitia kwake.

Niongeze jambo moja linalowachanganya wengi. Brussels kwenyewe nchi nyingi zina mabalozi watatu kwa wakati mmoja: mmoja kwa Mfalme wa Ubelgiji, wa pili kwa Umoja wa Ulaya na wa tatu kwa NATO. Roma nako kuna mabalozi wa namna mbili, kwa kuwa Vatikani haikubali balozi aliyeko kwa serikali ya Italia aiwakilishe nchi yake kwa Baba Mtakatifu pia. Matokeo yake ni kwamba Italia yenyewe ina ubalozi wake ndani ya mji mkuu wake, katika jumba la Palazzo Borromeo, kwa ajili ya uhusiano na Vatikani. Balozi huyo huenda kituoni kwake bila kuvuka mpaka wowote.

Mkaguzi alijibu:

Nimemsoma Itifaki Mstaafu kwa makini, lakini sijaridhika. Yote aliyoyataja yanaweza kufanywa na ofisi ya watu wachache wenye kompyuta na chumba cha mikutano. Tuangalie mali zilivyo. Ufaransa inakaa Palazzo Farnese mjini Roma, jumba la karne ya 16 ambalo Michelangelo alishiriki kulijenga, kwa mkataba wa miaka 99 uliofanywa mwaka 1936 na kwa kodi ya jina tu, na Italia ikapata jumba la Paris kwa masharti kama hayo. Balozi wa Uingereza mjini Paris anaishi katika nyumba ambayo Wellington, jenerali wa Uingereza, aliinunua mwaka 1814 kutoka kwa Pauline Borghese, dada yake Napoleon, na fanicha zake nyingi zikiwamo. Mnaniambia majumba hayo yapo kwa ajili ya kuijua kamati ya bunge?

Tena, wakubwa wenyewe wameshawapita mabalozi. Kwa Mkataba wa Aachen wa tarehe 22 Januari 2019, waziri wa Ujerumani au wa Ufaransa huhudhuria kikao cha baraza la mawaziri la mwenzake angalau mara moja kila miezi mitatu, na maofisa wa wizara moja hukaa kwenye dawati katika wizara ya upande wa pili. Kama waziri wako yumo ndani ya kikao chenyewe, balozi aliyeko nje atakueleza nini kipya?

Walau nchi za Kaskazini zimeonyesha busara. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden zilijenga balozi zao za Berlin katika kiwanja kimoja, zikafunguliwa mwaka 1999, zote zikizungushiwa ukuta mmoja mrefu wa vibao vya shaba ya kijani, na jengo moja la shughuli za pamoja ambamo mna ukumbi wa maonyesho na kantini. Kila nchi ina mlango wake na balozi wake, lakini gharama za mapokezi wanagawana. Kwa nini wengine wasifanye hivyo?

Msomaji wa Nyaraka alijibu:

Mheshimiwa Mkaguzi, kuhusu fahari ya majumba sitakubishia sana, kwa sababu historia iko upande wako. Mwaka 1661 balozi mpya wa Sweden aliposhuka kwenye gati la Mnara wa London, mabalozi wengine walituma magari yao ya farasi kumpokea, kama ilivyokuwa desturi. Gari la Hispania na la Ufaransa yakagombea nafasi ya kutangulia. Wahispania walikuwa wamejiandaa: ndani ya hatamu za ngozi za farasi wao walikuwa wameficha minyororo ya chuma, ili Wafaransa wasiweze kuzikata kwa panga. Pakatokea mapigano barabarani, watu wakauawa, farasi wa Wafaransa wakachinjwa, gari la Hispania likapita mbele kwa shangwe za wakazi wa London, huku Mfalme Charles II akiwa ameamuru askari wake wasiingilie. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikasirika hata akatishia vita, na mwaka uliofuata mjumbe wa Hispania alilazimika kutamka mbele ya mabalozi wengine waliokusanyika Paris kwamba mabalozi wa mfalme wake hawatagombea tena nafasi na wale wa Ufaransa.

Ugonjwa huo ulitibiwa kwa kanuni ya tarehe 19 Machi 1815 iliyopitishwa Vienna, ambayo leo imo katika Ibara ya 16 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi baina ya nchi: cheo cha balozi miongoni mwa wenzake hufuata siku na saa aliyoanza kazi, bila kujali ukubwa wa nchi yake. Balozi wa Luxembourg aliyefika mwezi uliopita hukaa mbele ya balozi wa Ujerumani aliyefika jana. Katika nchi kadhaa zenye desturi ya Kikatoliki, kama Ujerumani, Ufaransa na Hispania, balozi wa Baba Mtakatifu ndiye huwa kiongozi wa mabalozi wote, hata kama amefika jana.

Lakini hoja yako kwamba balozi hana jipya la kueleza inanikumbusha habari ya Mwana Mfalme Lichnowsky, na hapo ndipo tunapoachana. Lichnowsky alikuwa balozi wa Ujerumani mjini London kuanzia mwaka 1912 hadi 1914. Aliwazoea Waingereza, akakaa nao mezani na mashambani, na tangu mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza akawa anaiandikia Berlin kwamba Uingereza haitatazama tu ikiwa Ufaransa itashambuliwa. Wakubwa wake hawakukosa habari. Walizisoma, wakaamua kwamba balozi wao ametekwa na wenyeji wake kwa chakula kizuri na maneno matamu. Mwezi Julai 1914 alirudia onyo hilo kwa nguvu zaidi, na tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia vitani. Alipoondoka London, Waingereza walimpangia gwaride la heshima. Kwao alikorudi, andiko lake la siri kuhusu mambo hayo lilipovuja mwaka 1918, alifukuzwa katika baraza la juu la bunge la Prussia.

Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa kwamba taarifa za balozi zilikuwa za bure. Mtu anayekaa ugenini muda wa kutosha hadi akajua mwenyeji wake atafanya nini kabla mwenyeji mwenyewe hajatamka ni mtu adimu, na mara nyingi nyumbani humshuku kwa sababu hiyo hiyo. Waziri anayehudhuria kikao cha nchi jirani mara nne kwa mwaka husikia yale ambayo wenyeji wamekubali ayasikie.

Mdadisi wa Kihonda aliandika:

Nawashukuru nyote. Habari ya minyororo ndani ya hatamu sikuwahi kuisikia. Hata hivyo, naomba nirudishwe kwenye maswali yangu mawili yaliyobaki: balozi akiitwa nyumbani hubadilika nini, na je, anaweza kukataliwa?

Itifaki Mstaafu alijibu:

Nianze na kukataliwa. Kabla jina la balozi halijatangazwa, nchi inayompeleka huliwasilisha kimya kimya kwa nchi inayompokea na kuomba ridhaa. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Vienna inasema wazi kwamba nchi inayopokea hailazimiki kutoa sababu za kukataa. Kwa kawaida jibu huja baada ya wiki chache, na nchi isiyomtaka mtu haisemi „hapana", hunyamaza tu, mpaka upande wa pili uelewe na kuleta jina jingine.

Mfano wa karibu ni wa mwaka 2020. Ujerumani ilimteua Arndt Freytag von Loringhoven kwenda Warsaw, mtu aliyekwisha kuwa balozi mjini Prague na kiongozi wa masuala ya ujasusi katika NATO. Poland ilikaa na ombi hilo miezi kadhaa bila kujibu. Watu wa chama tawala walinung'unikia historia ya baba yake, aliyekuwa afisa wa jeshi la Ujerumani na aliyekuwamo katika handaki la Hitler mjini Berlin katika siku za mwisho za vita mwaka 1945. Ridhaa ilitoka mwishoni mwa kiangazi. Kwa hiyo ndiyo, uanachama wa umoja mmoja hauondoi haki hiyo, na uzito wa historia unaweza kuangukia mtu aliyezaliwa baada ya vita kwisha.

Kuhusu kuitwa nyumbani, zipo ngazi kadhaa. Ngazi ya kwanza ni nchi mwenyeji kumwita balozi wizarani na kumweleza kutoridhika kwake, jambo la kila wiki. Kisha nchi iliyompeleka inaweza kumwita nyumbani „kwa mashauriano", maneno ambayo kila mtu anajua maana yake ni hasira. Ufaransa ilifanya hivyo kwa Italia tarehe 7 Februari 2019, baada ya Luigi Di Maio, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Italia, kukutana nchini Ufaransa na viongozi wa waandamanaji wa vizibao vya njano, waliokuwa wakiipinga serikali ya nchi hiyo. Jambo la namna hiyo baina ya nchi hizo mbili halikuwa limeonekana tangu vita vya pili vya dunia, na lilidumu kama wiki moja tu. Balozi akarejea Roma. Ngazi inayofuata ni balozi kutorudi kabisa, ubalozi ukabaki chini ya kaimu balozi, kama ilivyotokea kwa Poland huko Budapest. Ngazi ya mwisho ni kuvunja uhusiano, na hata hapo mlango haufungwi kabisa, kwani nchi ya tatu inaweza kuombwa kuangalia masilahi ya upande mmoja. Uswisi imefanya hivyo kwa Urusi na Georgia baada ya vita vyao vya mwaka 2008.

Kinachopungua basi ni nini? Ofisi inaendelea, pasipoti zinatolewa, wafungwa wanatembelewa. Kaimu balozi, hata hivyo, hakupeleka hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi. Amejulishwa tu kwa wizara ya mambo ya nje. Milango ya juu humfungukia kwa shida, mawaziri humpangia kuonana na wakurugenzi wao, na katika hafla za kitaifa hukaa nyuma ya mabalozi wote. Ni adhabu inayoumiza pande zote mbili, ndiyo maana hutumiwa kwa uangalifu.

Mzee wa Vuga alijibu:

Wapendwa, niongeze sura moja ambayo sisi wa Unguja tuliigusa kwa mikono yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na baada ya Muungano serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ikamkalia kooni Mwalimu Nyerere kuhusu ubalozi huo, kwa kuwa kwake kuitambua Berlin Mashariki kulikuwa sawa na kuikana Bonn. Mwaka 1965 ulipatikana mwafaka wa kuwapa Wajerumani wa Mashariki ubalozi mdogo tu Dar es Salaam; Bonn hata hivyo ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki.

Ninayataja hayo kwa sababu Wajerumani wenyewe walipokuja kupatana, hawakupelekeana mabalozi. Kwa mkataba wa tarehe 21 Desemba 1972 walikubaliana kufungua „uwakilishi wa kudumu", nao ukaanza kazi mwaka 1974, mmoja Bonn na mwingine Berlin Mashariki. Bonn haikutaka kumtambua mwenzake kuwa nchi ya kigeni, kwa hiyo mjumbe wa Mashariki alishughulikiwa na ofisi ya Kansela. Mashariki, iliyotaka kinyume chake, ilimpeleka mjumbe wa Bonn kwenye wizara yake ya mambo ya nje. Nyumba mbili zilikuwa na kazi moja, lakini kila upande ulizisoma kwa namna yake.

Kwa Ndugu Mkaguzi anayeuliza faida ya majumba makubwa, nakuomba uutazame ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague mwaka 1989. Ulikuwa, na bado upo, katika kasri la Lobkowicz chini ya mlima wa ikulu, likiwa na bustani kubwa upande wa nyuma. Kiangazi hicho raia wa Ujerumani ya Mashariki, ambao waliweza kwenda Czechoslovakia bila taabu kubwa, walianza kuruka uzio wa bustani hiyo. Mwezi Agosti balozi alilazimika kufunga ofisi kwa wageni wa kawaida, lakini watu hawakukoma. Mapolisi wa Czechoslovakia waliweza kuwashika miguu waliokuwa wakipanda uzio, ila aliyekwisha kuangukia ndani hawakuweza kumfuata. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna inakataza askari wa nchi mwenyeji kuingia ubalozini bila ruhusa ya mkuu wake, na serikali ya kikomunisti iliheshimu hilo.

Kufikia mwisho wa Septemba walikuwa wamefika zaidi ya 4,000. Mahema yalijaa bustanini, mvua ikaifanya ardhi kuwa tope tupu, vitanda vya ghorofa vikapangwa hadi kwenye vyumba vya heshima na watu wakalala kwa zamu juu ya ngazi, watoto wachanga wakiwamo. Wafanyakazi wa ubalozi, waliozoea kuandika taarifa na kuandaa chakula cha jioni cha wageni ishirini, wakawa wapishi, wauguzi na walinzi wa foleni ya vyoo. Jioni ya tarehe 30 Septemba waziri wa mambo ya nje, Hans-Dietrich Genscher, ambaye mwenyewe alitoka eneo la Halle upande wa Mashariki, alitokea kwenye roshani juu ya bustani kuwaambia kwamba ruhusa ya kuondoka imepatikana. Hawakumwacha amalize sentensi. Kelele za shangwe zilimeza maneno yake.

Hata hapo itifaki haikuachwa. Serikali ya Mashariki ilishikilia kwamba treni za wakimbizi zipite ndani ya ardhi yake, kwa njia ya Dresden, ili ionekane kwamba ni yenyewe iliyowaachia raia wake. Maofisa wa Bonn walipanda treni hizo pamoja nao, kwa kuwa abiria waliogopa kwamba milango ingefunguliwa njiani na washushwe.